Moshi kwenye seti: kabla hujawasha mashine, jua wenzako wanavuta nini

Fundi wa Taa (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nafanya kazi ya taa kwenye filamu, tamthilia na video za muziki hapa Dar, huu ni mwaka wa 11. Leo naacha taa, naleta habari ya moshi, kwa sababu nilimwona kijana wa watu akitapika nje ya lokesheni saa nane usiku na sitaki kuliona jambo lile tena.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunapiga sini (kipande cha filamu) ya chumba cha mganga. Nyumba ya kukodi, chumba kidogo, madirisha tumeyaziba kwa vitambaa vyeusi ili taa za barabarani zisiingie. Mwongozaji anataka moshi mzito. Katikati ya kazi maji ya mashine ya moshi yakaisha. Kijana aliyekuwa anaishika mashine, siku yake ya pili kazini, akapandishwa bodaboda akatafute mengine. Saa ile maduka ya vifaa vya muziki yamefungwa. Akakuta duka la spea liko wazi jirani na kituo cha mafuta, akaomba "maji ya mashine". Muuzaji akamwelewa kwa uelewa wa duka lake, akampa kuleni, ile ya kuweka kwenye rejeta ya gari. Kijana akarudi mbio, akajaza, akawasha.

Moshi ukatoka vizuri tu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba kwa macho usingejua kuna tofauti yoyote. Harufu ilikuwa na utamu fulani, basi. Baada ya dakika chache dada aliyekuwa anaigiza akasema macho yanamwasha na koo linakwaruza. Kijana mwenyewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, kwenye kona isiyo na hewa, akisubiri ishara ya mkono wangu. Nilishtuka nilipomulika dumu kwa tochi nikaona maji ya kijani. Tukazima kila kitu, tukang'oa vitambaa, tukatoa watu wote nje, tukamkimbiza hospitali na lile dumu mkononi ili daktari aone alichokivuta. Alipona, namshukuru Mungu. Yupo nasi hadi leo, na hakuna anayejaza mashine bila yeye kusoma lebo kwanza.

Sasa tuingie ndani.

Kuleni nyingi za magari zinatengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, inaharibu figo. Maji halali ya mashine ya moshi yanatengenezwa kwa propilini glaikoli, traiethilini glaikoli au gliserini safi, pamoja na maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa). Majina yanafanana na ndipo watu wanapopotea. Glaikoli ni ukoo mzima, na ndani yake wamo wawili wabaya: ethilini glaikoli na diethilini glaikoli. Huyu wa pili aliwahi kuwekwa kwenye dawa ya maji kule Marekani mwaka 1937, wakafa watu zaidi ya 100. Hollywood wana taarifa zao za usalama za kazini, ile namba 10 inahusu moshi na ukungu wa kutengeneza, na hao wawili wamo kwenye orodha ya visivyotakiwa kutumika.

Kwa hiyo mtu akikuletea dumu lisilo na lebo akakwambia "hii ni glaikoli, ni salama", bado hajakwambia kitu. Dai karatasi ya usalama ya kemikali. Ina sehemu 16, wewe nenda moja kwa moja sehemu ya 3, ndiyo inayotaja viambato kwa majina. Kama muuzaji hana karatasi hiyo, mimi sinunui.

Jambo la pili, mashine yenyewe. Ndani kuna pampu ndogo na kipande cha chuma kinachopashwa moto, kwenye nyingi ni zaidi ya nyuzi 200. Pampu inasukuma maji kupita kwenye chuma, yanageuka mvuke, yakitoka mdomoni na kukutana na hewa ya kawaida yanarudi kuwa matone madogo mno. Kinachoonekana ni matone hayo, hakuna kilichoungua. Lakini kidhibiti joto kikiharibika, au ukitia maji ambayo mashine hiyo haikutengenezewa, sasa yanaungua kweli. Gliserini ikiungua inatoa akrolini. Unaijua tayari hata kama hujawahi kusikia jina lake: ni ule moshi unaochoma macho mafuta ya kukaangia yakisahaulika jikoni. Mashine ikianza kutoa harufu ya namna hiyo, zima, chomoa, peleka kwa fundi. Usiseme tumalizie teki mbili, yaani turekodi mara mbili tu za mwisho.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwapima wafanyakazi 101 wa filamu, matamasha na michezo ya jukwaani kwenye sehemu 19 za kazi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005. Waliokuwa wakifanya kazi karibu na mashine mapafu yao yalikuwa na nguvu pungufu kuliko waliokaa mbali. Moshi wa glaikoli ulihusishwa na kikohozi na koo kukauka. Na hao walikuwa wanatumia maji halali kabisa!

Sasa jiulize kwenye seti zetu nani anakaa karibu na mashine. Mwigizaji anaingia, anapiga sini yake, anatoka kwenda kunywa chai. Mwongozaji yuko chumba cha pili na monita. Anayebaki pale kwa muda wa saa kumi na mbili ni yule kijana tunayemwita "wa moshi", anayelipwa kidogo kuliko wote na asiye na uso wa kusema "kaka, kifua kinabana". Huyo ndiye ninayemwandikia uzi huu, pamoja na wale wanaomtuma.

Kwangu mimi sasa mashine haikai na mtu. Nanunua rimoti ya waya mrefu, au mtu anapuliza, anatoka, feni inasambaza, tunasubiri moshi utulie ndipo tunapiga. Kila baada ya teki kadhaa milango inafunguliwa na wote wanatoka, hata kama mwongozaji ananuna. Nikisimama mlangoni nisiuone vizuri ukuta wa pili, nimeshazidisha, na kamera haikuhitaji wingi ule. Moshi mzito unaua rangi na kuufanya mwanga kuwa maziwa. Kinachotafutwa mara nyingi ni ule ukungu mwembamba unaochora miale ya taa, tunaouita hezi, na huo unahitaji kidogo sana na uvumilivu.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu ongezeni nyama, na mwenye la kupinga apinge.

Kijana wa Kamera

Mkuu uzi mzuri na pole kwa mkasa. Lakini tuseme ukweli, video zetu nyingi bajeti yote ni laki tano, unampa msanii nauli na chakula imeisha. Sisi tunachanganya wenyewe: gliserini ya kupaka ya dukani, maji ya betri, na marashi kidogo ili isinuke. Miaka mitatu hakuna aliyeanguka. Kosa liko wapi?

Fundi wa Taa

Kijana wa Kamera, nashukuru umeuliza waziwazi, wengi wanafanya hivyo kimya kimya.

Gliserini yenyewe si adui. Ila ile ya kupaka mara nyingi imeshachanganywa na vitu vya ngozi na manukato, na hujui vikipashwa nyuzi 200 vinageuka nini. Marashi ndiyo mabaya zaidi, mengi yana spiriti, na spiriti kwenye chuma cha moto inawaka. Yanayouzwa kama maji ya betri, chupa moja ni maji yaliyokenekwa na chupa jirani yake ni asidi ya betri, zote dukani watu wanaziita hivyohivyo. Umeona mtego? Ni uleule wa kijana wangu na kuleni.

Halafu hesabu ya bajeti iangalie tena. Dumu la lita 5 la maji halali, kwa matumizi ya kupuliza kidogo na kusubiri, kwangu linamaliza kazi kadhaa. Mnaona ni ghali kwa sababu mnapuliza bila kuacha, madirisha wazi, halafu mnajaza tena. Kama fedha haipo kabisa, ondoeni moshi kwenye sini hiyo. Wekeni taa kwa nyuma, mwageni maji sakafuni ing'ae. Picha inapendeza na hakuna anayekohoa.

Meneja wa Lokesheni

Nakazia. Mimi napanga ratiba, nataka kuongeza habari ya taarifa.

Siku ya moshi naiandika kwenye ratiba ya siku inayotumwa usiku uliotangulia: sini ipi, saa ngapi, moshi wa aina gani. Na namwambia kila mtu aniambie faraghani kama ana pumu, ana mimba, au ametoka kuumwa kifua. Wanawake wengi hawawezi kusema habari ya mimba mbele ya kundi zima, kwa hiyo ukiuliza kwa sauti pale asubuhi "nani ana tatizo na moshi?" hutapata jibu la kweli. Mpigie mmoja mmoja.

Kuna mama mmoja mwigizaji, mtu mzima, tunamheshimu sana, alikaa kwenye moshi sini tatu mfululizo bila kusema neno. Jioni nikamkuta nyuma ya gari anavuta inhela, mkono unatetemeka. Nikamwambia mama kwa nini hukusema? Akanijibu, "Mwanangu, ningesema mngenitafutia mbadala." Nililia. Tangu siku hiyo tunamhakikishia mtu kabisa, kwa maneno, kwamba kusema hakumpotezei kazi, na mwongozaji anakuwepo tunapolisema.

Na kwa wazalishaji: seti ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri, haijalishi ni ofisi au ni nyumba ya kukodi Mbezi.

Mtoto wa Nyali

Hamjambo ndugu, nawasoma kutoka Mombasa. Huku kwa video za harusi na za muziki wateja wanapenda ule moshi unaotambaa chini kama mawingu. Tunatumia barafu kavu na maji moto. Hiyo haina glaikoli wala kemikali, ni hewa tu ya kaboni. Nadhani ni salama zaidi, ama?

Fundi wa Taa

Mtoto wa Nyali, hapana ndugu yangu, na hili naomba ulisome taratibu.

Barafu kavu ni kaboni dioksaidi iliyogandishwa, iko nyuzi 78 chini ya sifuri. Kilo moja ikiisha kuyeyuka inakuwa gesi ya lita mia tano na zaidi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 3. Hizo ni mita za ujazo 48. Weka kilo 5 kwenye maji moto, milango imefungwa. Gesi yake inafika karibu asilimia 5 na nusu ya hewa yote ya chumba. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanahesabu asilimia 4 kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Na hesabu yangu imechukulia gesi imesambaa sawasawa. Kwa kweli ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Bibi harusi aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mtoto wa kushika maua aliyekaa sakafuni yuko ndani yake.

Februari 2020 Moscow, watu watatu walikufa kwenye sherehe baada ya barafu kavu, kama kilo 25, kumwagwa kwenye bwawa la ndani. Walitaka moshi wa kupendeza tu.

Barakoa haikusaidii hapo, gesi inapita. Kinachosaidia ni ukumbi mkubwa, milango wazi, kiasi kidogo, na hakuna mtu kulala wala kukaa chini. Ishike kwa glavu nene, usiifungie kwenye chombo kisichopumua maana kitapasuka, na ukiisafirisha kwa gari teremsha vioo vyote. Dereva akianza kuumwa kichwa na kuhema haraka, simamisheni gari mshuke.

Mtoto wa Nyali

Wallahi sikujua. Jumamosi iliyopita tulikuwa na kilo nane kwenye sebule ya mtu. Watoto walikuwa wanacheza ndani ya ule moshi, tukawa tunawapiga picha. Nimekaa hapa mwili wote umenisisimka.

Ahsante kaka. Nawapigia vijana wangu sasa hivi.

Fundi Umeme

Niongeze upande wangu. Mashine ya wati 1500 kwa umeme wa volti 230 inavuta kama ampea 6 na nusu, na inavuta kwa kustukiza: chuma kikipoa kinawaka chenyewe. Ndiyo maana taa zinapepesa katikati ya teki na watu wanalaumu jenereta. Ipe laini yake. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote, usiiache imeviringika, inachemka yenyewe mpaka plastiki inayeyuka. Na jenereta likae nje, mbali na dirisha. Nimewahi kukuta watu wameliingiza kibarazani ili kupunguza kelele huku ndani wamepuliza moshi wa mashine. Mtu akiumwa kichwa mle, utajuaje ni moshi gani?

Sakafu pia. Matone yanatua, na baada ya saa kadhaa vigae vinateleza kama vimepakwa mafuta. Sini za ngumi na za kukimbia zipigwe mapema, au pigeni deki kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla.

Msoma Kimya

Shikamooni wakubwa. Mimi naanza, niko Tanga. Kwetu tunachoma makumbi ya nazi na ubani kwenye chetezo kupata moshi. Ni wa asili, wazee wamefukiza miaka yote. Huo vipi?

Fundi wa Taa

Marahaba mdogo wangu.

Bibi akifukiza, anapitisha chetezo dakika chache na mlango u wazi. Sisi tunafunga chumba na kuchoma kwa muda wa saa sita. Makumbi na mkaa vikiungua bila hewa ya kutosha vinatoa kaboni monoksaidi, ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani. Haina harufu, ubani ndio unaonusa. Chetezo kikionekana kwenye picha kama sehemu ya sini, kiwashwe kwa teki hiyo, kitolewe nje. Moshi wa kujaza chumba usitoke kwenye moto wowote. Na matairi, nimeyaona kwenye sini za vurugu, hayo hata nje usiyakaribie.

Meneja wa Lokesheni

Jambo moja limesahaulika: kengele za moto. Ukipiga hotelini au ofisini, matone haya yanaamsha vitambua moshi. Ongea na uongozi wa jengo mapema, wao ndio wazime sehemu yenu kwa maandishi. Msipande wenyewe kuvifunika kwa mifuko. Muda wote vikiwa vimezimwa, weka mtu mmoja wa kulinda moto asiye na kazi nyingine, mwenye kizimamoto mkononi na namba 114 kwenye simu. Kazi ikiisha, yeye ndiye anayehakikisha vimewashwa tena kabla ya mtu yeyote kuondoka.

Kijana wa Kamera

Mkuu nimerudi. Alhamisi nina sini ya makaburini, usiku, nje kabisa. Nje si hakuna shida ya hewa? Nipulize tu?

Fundi wa Taa

Hewa ipo, ila una mambo mawili. Upepo utakunyima moshi utulie, na utashawishika kusogeza mashine karibu na waigizaji. Usisogeze. Kaa upande upepo unakotokea, mashine mbali, acha upepo ulete. Ukibadilika, hama nao. Pili, tazama barabara iko wapi. Moshi ukivuka barabara usiku dereva anaingia kwenye ukuta mweupe ghafla. Weka mtu mwenye tochi pande zote mbili, na moshi ukielekea huko mnazima kwanza, mnajadili baadaye.

Na omba ruhusa kwa wenye makaburi, si kibali cha kupiga picha tu. Waambie kutakuwa na moshi, majirani wasije kudhani kuna moto.

Kijana wa Kamera

Mrejesho wakuu. Tumepiga jana. Nilinunua maji yenye lebo, nikaomba karatasi, muuzaji akaitafuta kwenye simu nusu saa lakini akanitumia. Sehemu ya 3 imeandikwa propilini glaikoli na maji. Upepo ulitoka baharini, tukaweka mashine kama mita 15 nyuma ya mbuyu. Mara mbili moshi ulielekea barabarani, mara zote mbili kijana wa tochi akapiga filimbi tukazima. Tulipoteza kama dakika 40 usiku mzima.

Tulitumia chini ya lita moja. Ile gliserini na marashi nimemwaga.